UZI: Ngozi iliyopauka, nywele za plastiki, dada anayetembea kama komandoo: kwa nini magemu hukosea wahusika weusi na wa kike, na namna ya kurekebisha

#1 FundiSheda

Wakuu,

Mada ya rangi na jinsia kwenye magemu kila ikipandishwa inaishia kwenye kelele za nani kastahili kuwa steringi na nani kachomekwa kwa lazima. Uzi huu naomba uwe wa mafundi. Tuangalie mhusika anaharibikia wapi kabla hajamfikia mchezaji.

Takwimu kidogo tusije tukaongea hewani. Mwaka 2009 Dmitri Williams na wenzake walichapisha hesabu ya wahusika 8,572 kutoka magemu 150 yaliyokuwa yakiuzwa Marekani. Takriban 85% walikuwa wanaume, na takriban 80% walikuwa wazungu. Studio ikitengeneza watu wa aina moja miaka yote, zana zake zote zinanyooka kwa ajili yao: picha za skana, sheda ya ngozi (msimbo unaoamua mwanga uonekaneje juu yake), mifupa ya animesheni, nywele. Akija mhusika mwingine anachongwa kutoka kwenye kiolezo kilekile kwa kubadilisha namba mbili tatu. Makosa karibu yote nitakayoyataja yanatoka hapo.

Naanza na ngozi.

Kosa la kwanza ni kuchukua tekscha ya mzungu (picha inayobandikwa kwenye modeli) na kuizidisha kwa rangi ya kahawia. Unapata mtu aliyepauka. Sababu ni kwamba katika ngozi kuna rangi mbili zinazofanya kazi tofauti: melanini iliyo tabaka la juu, na damu iliyo chini yake. Ukizidisha tekscha nzima unazitia giza zote mbili kwa pamoja. Wekundu wa shavu unageuka doa la tope, viganja na nyayo vinakuwa vyeusi sawa na mgongo wa mkono, na midomo inapoteza tofauti kati ya ukingo wa nje na nyama ya ndani. Njia sahihi ni kugawa rangi ya msingi kuwa ramani mbili za kijivu, moja ya melanini na nyingine ya damu, halafu sheda isome rangi kutoka jedwali la pande mbili. Slaida ya mchezaji isogeze melanini peke yake. Ongeza maski ya viganja, nyayo, kucha na midomo ya ndani ambako melanini isipande zaidi ya robo hivi.

Kosa la pili ni mng'aro. Ngozi ya binadamu, awe Mnorwei au Mdinka, inarudisha takriban 2.8% ya mwanga unaoipiga moja kwa moja, bila mwanga huo kuingia ndani. Kiasi hicho hakibadiliki na weusi. Kwenye Unreal, injini ya kutengenezea magemu, maana yake Specular (kipimo cha mng'aro) iwe karibu 0.35, siyo ile 0.5 inayokuja yenyewe. Kinachobadilika ni kwamba kwenye ngozi nyeusi mwanga unaotoka ndani ni mdogo, hivyo mng'aro ndio unaochora umbo la uso. Wengi wakiuona wanadhani ni hitilafu, wanapandisha ukwaruzo (roughness) hadi 0.7 au 0.8 ili "kupunguza mafuta". Hapo ndipo uso unakuwa kama udongo mkavu. Ubaki kati ya 0.35 na 0.55, paji na pua chini, mashavu juu kidogo, na ramani yake ichorwe kwa mtu huyo mwenyewe.

Nywele na mifupa wengine watamalizia.

#2 Bi_Poligoni

FundiSheda ameanzia kwenye sheda, mimi narudi nyuma hadi kwenye kamera, maana tatizo mara nyingi limeingia kabla ya sheda kuguswa.

Skana ya uso kwa picha nyingi lazima itumie vichujio vya polaraiza viwili: kimoja kwenye taa, kingine kwenye lenzi, kimezungushwa nyuzi 90. Kazi yake ni kuondoa mng'aro ili ibaki rangi ya ngozi tu. Kwa mtu mweupe fundi mvivu anaweza kuruka hatua hii na asigundulike sana. Kwa mtu mweusi haiwezekani: mng'aro wa taa za studio unaingia ndani ya rangi ya msingi, na gemu ikiwasha taa zake unakuwa na mng'aro mara mbili, mmoja unaosogea na mwingine uliogandia. Yale mabaka ya kijivu kwenye paji la uso mnayoyaona yametoka huko.

Pili, ongeza mwanga wa picha kwa stopu moja hadi moja na nusu (stopu moja ni mwanga maradufu), kisha rudisha kwa kutumia kadi ya rangi iliyopigwa kwenye mwanga huohuo. Ukiacha kipimo cha mtu mweupe, sehemu za giza za uso zinajaa chembechembe, na programu ya kuunganisha picha inakosa alama za kushikilia kwenye mashavu. Umbo linatoka limeyeyuka.

Na tahadhari kwa wanaotumia mizani ya Monk, ile ya rangi 10 ya Ellis Monk wa Harvard ambayo Google waliitoa 2022. Ni nzuri kwa kukagua kama wahusika wako wametawanyika vizuri, na inazipita aina 6 za Fitzpatrick, ambazo zilitungwa kwa habari ya ngozi kuungua na jua. Lakini si rangi za kubandika kwenye modeli. Namba 10 ni #292420, yaani nyekundu 41, kijani 36, buluu 32 kati ya 255. Ukiiweka kama rangi ya msingi ya ngozi unapata karibu mkaa. Kwa mtu mweusi sana usiruhusu nyekundu ishuke chini ya 60 hivi, na iwe juu ya buluu kwa tofauti inayoonekana, la sivyo uhai unatoweka.

#3 kijana_wa_Infinix

Wakuu naomba kuuliza kama mchezaji. Kwenye simu za bei ya kawaida mhusika mweusi akiingia ndani ya nyumba anageuka kivuli kabisa, macho na meno tu. Kwenye kompyuta gemu hiyohiyo iko sawa. Simu ndiyo mbovu?

#4 FundiSheda

> Kwenye simu za bei ya kawaida mhusika mweusi akiingia ndani ya nyumba anageuka kivuli kabisa

Simu haina kosa, mdogo wangu. Mambo matatu yanakutana.

La kwanza, kipimo cha mwanga kinachojirekebisha. Gemu inapima wastani wa skrini nzima. Dirisha likiwa jeupe nyuma ya mtu, kipimo kinashusha kila kitu, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayezama kwanza. Dawa: weka mipaka ya chini na ya juu, na upimaji uegemee katikati ya skrini. Unreal 5 ina Local Exposure, inayorekebisha mwanga sehemu kwa sehemu ya skrini, nayo inasaidia.

La pili, tonimapa, yaani mkunjo wa hesabu unaobana mwanga wa gemu uenee kwenye skrini. Mikunjo mingi ya kisinema, ule wa mfumo wa rangi wa ACES ukiwemo, inakandamiza sehemu za giza ili picha iwe na "nguvu". Uso wa mzungu uko katikati ya mkunjo, haudhuriki. Uso mweusi uko palepale kwenye mguu wa mkunjo, yaani sehemu yake ya giza. Legeza huo mguu.

La tatu ni la simu hasa: ili kuokoa kumbukumbu picha huhifadhiwa katika muundo wa biti 11 za nyekundu, 11 za kijani na 10 za buluu. Buluu inapata usahihi mdogo kuliko nyekundu na kijani, kwa hiyo kwenye giza unaona michirizi na rangi inakimbilia umanjano. Tia ditha ndogo (chembechembe za kuficha michirizi) kabla ya kuandika picha. Gharama yake ni ndogo mno.

Juu ya yote, mwanga wenyewe. Ngozi nyeusi inachorwa kwa kuakisi, hivyo inahitaji kitu cha kuakisi: taa pana badala ya taa nukta, kioo cha mazingira kwenye kila chumba, na taa ya ukingo kutoka nyuma yenye rangi tofauti na ukuta. Kuongeza taa ya mbele kwa nguvu hakusaidii. Utaunguza ukuta na shati jeupe, uso ubaki vilevile.

#5 Msusi_wa_3D

Nywele zimenisubiri mimi.

Sheda za nywele tunazotumia zina ukoo wake: Kajiya na Kay 1989, kisha Marschner na wenzake 2003. Zote zinaanza na unywele uliolala kama uzi laini. Theodore Kim wa Yale ameandika wazi tangu 2020 kwamba taaluma ya michoro ya kompyuta iliita "ngozi" kile kilicho ngozi ya mzungu, na "nywele" kile kilicho nywele zilizonyooka. Nywele za kipilipili zilibaki bila hesabu zake kwa miongo. Mwaka 2024 yeye, Haomiao Wu, Alvin Shi na A.M. Darke walitoa utafiti wa nywele zilizojisokota sana, wakieleza mambo ambayo kila msusi anayajua kwa vidole: misokoto jirani inashikamana na kwenda pamoja, msokoto unageuza mwelekeo njiani, na mingine inaruka nje ya kundi. Darke huyohuyo ndiye mwanzilishi wa Open Source Afro Hair Library, maktaba huru ya modeli za nywele za Kiafrika. Anzieni huko.

Sasa kazi.

Afro fupi au lowkati: usitumie kadi, yaani vipande bapa vyenye picha ya nywele. Tumia maganda, yaani nakala za ngozi ya kichwa zilizopandishwa kidogokidogo. Maganda 8 hadi 12 kwa simu, 20 kwa kompyuta. Kila ganda lisome tekscha ya vidoti na kukata vidoti vingi zaidi linavyopanda. Kosa la kawaida ni vidoti kuwa vidogo mno, kwa mbali vinaanza kumetameta. Weka ukubwa mbili za vidoti na ufifishe zile ndogo kwa umbali. Mstari wa kinyozi uchorwe kwenye tekscha ya kichwa, na usikatwe na ukingo wa modeli, la sivyo unapata kofia.

Afro kubwa: kadi fupi pana zinazotazama nje, kila moja na picha ya misokoto, siyo nyuzi zilizonyooka. Chini yake weka tufe jeusi la ujazo ili mwanga usipenye hadi kwenye fuvu. Kwa simu jihadhari: kadi za uwazi zinafanya chipu ichore pikseli ileile mara sita, saba. Tumia ukataji (pikseli ionekane au isionekane kabisa) badala ya uwazi laini, na jumla ya pembetatu iwe 2,000 hadi 4,000.

Twende kilioni: kila mstari ni bomba linalofuata mkunjo wa kichwa, tekscha ya msuko ikijirudia. Mistari 8 hadi 12, pembetatu 150 hadi 300 kila mmoja. Kinachowashinda wengi ni ngozi kati ya mistari. Inapaswa kuwa na rangi nyeupe kidogo kuliko uso na ukwaruzo wake ushuke, kwa sababu ya mafuta. Bila hivyo mistari inaonekana imegundishwa kwenye mpira. Na mistari isianze papo hapo kwenye paji; weka nywele laini za mwanzo, kadi nyembamba 20 au 30 zinatosha.

Rasta ndefu: usisimulishe zote. Kati ya rasta 80, chagua 10 za kuongoza, kila moja na mifupa 5 au 6, nyingine zifuate jirani yake. Kapsuli za kugongana ziwe shingoni na mabegani. Breki ya mwendo iwe kubwa kuliko ya nywele zilizonyooka, maana rasta ni nzito. Gemu nyingi zinatumia mpangilio uleule na unaona rasta zinapepea kama leso.

#6 Bi_Poligoni

Nyongeza kwa Msusi: kofia. Mhusika akivaa helmeti, studio nyingi zinafuta nywele na kuweka kipande kilichonyooka nyuma ya shingo. Kila mtindo uwe na umbo la pili "lililobanwa" kama blendi (umbo ambalo modeli inaweza kugeukia), na maski ya poligoni za kufichwa. Hijabu na kilemba visikae kwenye nafasi ya kofia, vikae kwenye nafasi ya nywele. Ukiviweka kama kofia, mchezaji akiokota helmeti mtandio unavuliwa, na hilo kwa mchezaji Mwislamu si jambo dogo.

#7 mchambuzi_huru

Haya yote sawa, ila ni pesa. Studio ndogo ina watu wanne. Mkiwadai nywele aina kumi, ngozi, wanawake, wanaume, gemu haitoki. Wakati mwingine "hatukuwa na bajeti" ni ukweli.

#8 MifupaNaMisuli

> Wakati mwingine "hatukuwa na bajeti" ni ukweli.

Ni ukweli kwa mambo fulani, mkuu, na ni kisingizio kwa mengine. Kesi ya kufundishia ni Assassin's Creed Unity, 2014. Ubisoft walisema kumweka mwanamke kwenye mchezo wa wachezaji wengi kungeongeza kazi mno, animesheni na mavazi. Jonathan Cooper, aliyekuwa mkuu wa animesheni kwenye Assassin's Creed III, akajibu hadharani kwamba kwa makadirio yake ni kazi ya siku moja au mbili. Akakumbusha kuwa Aveline wa Liberation, mwanamke mweusi wa New Orleans, alitumia animesheni nyingi za Connor, steringi wa Assassin's Creed III, kuliko alivyozitumia Edward Kenway, steringi wa kiume wa gemu iliyofuata.

Nani mkweli? Kwa animesheni, Cooper. Hatua zenyewe kwenye Unreal ni hizi: tengeneza IK Rig (ramani ya mifupa ya mwili) ya mwanamume na ya mwanamke, ita minyororo kwa majina yaleyale (uti, mkono, mguu, kichwa), fungua IK Retargeter (zana ya kuhamisha animesheni kati ya miili), linganisha mkao wa A wa wote wawili, kisha hamisha zote kwa mkupuo. Linganisha mtulinga kwa uangalifu, maana mabega ya mwanamke ni membamba na hapo ndipo mikono inapotoka kwenye bunduki. Mkono wa kushoto ufungwe kwenye silaha kwa IK, hesabu inayokunja viungo ili kiganja kifike panapotakiwa. Miguu nayo ifungwe ardhini, kwa kuwa urefu wa paja ukitofautiana nyayo zinateleza. Halafu kagua kwa macho: kukaa, kupanda ngazi, kukimbia, kupumzika. Mass Effect ilihamisha animesheni za Shepard, steringi wake, kutoka wa kiume kwenda wa kike, na akivaa gauni na kukaa miguu imetanuka kila mtu aliona. Animesheni 15 hadi 20 zinazoonekana mara nyingi zirekodiwe upya, mapigano acha yalivyo. Askari ni askari.

Gharama ya kweli iko kwenye nguo na sauti. Kila deraya inabidi ishonwe upya kwa mwili wa pili, na ukiwa na nguo 200 hilo ni tatizo halisi. Linapungua tu ukipanga tangu mwanzo: miili yote iwe na mpangilio mmoja wa vertiksi (nukta zinazounda modeli), nguo zijengwe kwenye mwili wa kati, zihamie kwa blendi. Ukikumbuka mwanamke mwezi wa mwisho, hapo ndipo "hatukuwa na bajeti" inapozaliwa. Sauti haina njia ya mkato. Shepard alirekodiwa mara mbili, Mark Meer na Jennifer Hale.

Kwa studio ya watu wanne ushauri ni mmoja: anza na mhusika mgumu zaidi. Mwanamke mweusi mwenye rasta ndefu na nguo inayopepea. Zana zikimbeba huyo, mwanamume mweupe mwenye upara anatoka mchana mmoja. Kinyume chake hakiwezekani.

#9 mchambuzi_huru

Hapo kwenye vertiksi nimeelewa. Bado nadhani wachezaji wengi hawajali.

#10 Mama_Dialogi

Wanajali wakipewa pa kusemea. The Sims 4 ilitoka 2014 na kwa miaka wachezaji weusi walilalamikia ngozi za kijivu zenye mabaka. Desemba 2020 EA wakaongeza rangi zaidi ya 100 na slaida ya kuzirekebisha. Injini ni ileile.

Ila mnaangalia sura tu. Mwaka 2023 Stephanie Rennick na wenzake walitoa hesabu ya maneno katika magemu 50 ya kuigiza, wahusika zaidi ya 13,000: wanawake walisema takriban 35% ya maneno. Hata baadhi ya magemu yenye steringi wa kike yalikuwa na hali hiyo, kwa sababu walinzi, wauza duka, wazee wa kijiji na majambazi wengi ni wanaume. Mwandishi hakuamua hivyo. Jedwali la wahusika wa pembeni lilianza na "mwanamume" na hakuna aliyerudi kulibadilisha.

Ukaguzi ni rahisi. Toa mazungumzo yote kwenye faili la jedwali, safu hizi: jina, jinsia, rangi, kazi, idadi ya maneno, anakufa au la, anazungumza na nani. Usihesabu vichwa, hesabu maneno. Kisha panga kwa kazi. Ukikuta weusi wote ni maadui au marafiki wanaokufa sura ya pili, ngozi nzuri ya FundiSheda haikusaidii kitu.

Kwa umati unaozalishwa na kompyuta, usipige kura ya rangi kwa kila mtu peke yake. Utapata familia ambayo baba, mama na mtoto hawahusiani. Piga kura ya kundi kwanza, kisha rangi ndani ya kundi kwa mtawanyiko mdogo, kisha jina na nywele kutoka kundi hilo. Kazi ipigiwe kura kwenye jedwali lingine lisilojua jinsia wala rangi, isipokuwa hadithi inadai.

Na kwenye kuunda mhusika, tenganisha mwili, sauti, uso na namna ya kutajwa. Cyberpunk 2077 ilipotoka 2020 iliruhusu mwili wowote, lakini sauti ndiyo iliyoamua mhusika aitwe mwanamume au mwanamke. Baldur's Gate 3, 2023, iliyatenganisha. Kwenye msimbo ni vigezo vinne badala ya kimoja.

#11 PwaniGamer

Na lugha je? Resident Evil 5 ya 2009 iliwapa maadui Kiswahili, Majini (ndivyo maadui hao wanavyoitwa) wanatukana na kufokea mchezaji kwa lugha yetu. Kiswahili kikaingia kwenye gemu kubwa kama sauti ya watu wa kupigwa risasi.

#12 Mama_Dialogi

Ndiyo, na lawama zilianza na trela ya 2007: mzungu mmoja akipiga risasi umati wa weusi. Toleo la mwisho lilimwongeza Sheva Alomar kama mshirika. Kamera na kazi ya umati vilibaki vilevile.

Mfano wa upande wa pili ni Tales of Kenzera: Zau, Aprili 2024, ya Surgent Studios inayoongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya ambaye pia ni sauti ya Bayek, steringi wa Assassin's Creed Origins. Hadithi inachota kwa Wabantu na gemu ina sauti za Kiswahili. Hapo Kiswahili kina huzuni, kina utani, kina baba na mtoto. Wanaotaka kurekodi Kiswahili: msitafsiri sentensi mojamoja kwenye jedwali. Mpeni mwigizaji tukio zima, umri wa anayezungumza naye na cheo chake, maana bila hivyo hajui aanze na "shikamoo" au "oya".

#13 kijana_wa_Infinix

Ahsanteni wakuu. Swali la mwisho: kwenye simu tekscha ya uso mnabana kiasi gani? Kila nikiyaona mashavu ya mhusika mweusi, yana vigae vya mraba.

#14 FundiSheda

Hivyo vigae ni ASTC ya 8x8, ubanaji wa tekscha unaogawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Tekscha ya 1024 kwa 1024 hapo inakula 0.25 MB bila nakala zake ndogo, na mteremko wa giza unavunjika vipande. Uso uwe 4x4, ambayo ni MB 1, au 5x5 kama kumbukumbu inabana, takriban 0.64 MB. Mwili uliofunikwa na nguo unaweza kubaki 6x6. Ramani za melanini na damu ziweke pamoja kwenye faili moja yenye chaneli mbili, usizihifadhi kama rangi ya kawaida ya sRGB, na usizipunguze ukubwa kwa pamoja na tekscha za ukuta kama injini inavyofanya ikiachwa yenyewe. Kisha jaribu kwenye simu yenyewe, mwangaza wa skrini ukiwa nusu, ndani na juani. Dirisha la kompyuta linaficha vigae hivyo.